Hesabu za Ongezeko la Watu na Kikomo Chake

Wanadamu wamehesabiwa tangu zama za kale, aghalabu kwa ajili ya kodi na jeshi. Bali elimu ya kutafuta kanuni ambayo kwayo idadi yao huongezeka haina umri mkubwa. Elimu hiyo ilianza kupata umbo lake mwishoni mwa karne ya 18, na tangu hapo imetoa vielelezo vingi vya hesabu, vingine vyepesi mno, vingine vya kutatanisha. Kielelezo cha hesabu ni maelezo ya jambo la dunia kwa namba: huchukua mambo machache yanayodhaniwa kuwa ndiyo yenye nguvu, huyaacha mengine yote, kisha huonyesha matokeo yatakayofuata. Makusudio ya makala haya ni kueleza vielelezo vikuu vya ongezeko la watu, jinsi kila kimoja kinavyofanya kazi, na mahali ambapo kila kimoja kimeshindwa. Kwani kwa kutazama kushindwa huko ndipo inapodhihirika maana ya neno "kikomo", ambalo hutajwa sana na kufahamika kidogo.

Ongezeko lisilo na kizuizi

Kielelezo cha kwanza ni kile cha kasi isiyobadilika. Husema kwamba kila mwaka watu huongezeka kwa sehemu ile ile ya idadi yao, mathalan watu 3 kwa kila 100. Fedha inayowekwa kwa faida juu ya faida hukua vivyo hivyo: nyongeza ya mwaka huu huingia katika mtaji, na mwaka ujao nayo huzaa nyongeza yake. Thomas Robert Malthus, kasisi wa Kanisa la Uingereza, ndiye aliyeifanya fikira hii ienee, katika kitabu alichokitoa mwaka 1798 bila ya kutia jina lake. Alisema kwamba watu wasipozuiwa huongezeka kwa kuzidishwa, yaani 1, 2, 4, 8, 16, hali chakula huongezeka kwa kujumlishwa tu, yaani 1, 2, 3, 4, 5. Mfano wake mkubwa ulikuwa Marekani, ambako aliona kuwa watu walikuwa wakiongezeka maradufu katika muda wa miaka 25.

Iko njia nyepesi ya kuupata muda huo wa kuongezeka maradufu: namba 70 hugawanywa kwa asilimia ya ongezeko la mwaka. Penye ongezeko la asilimia 2, watu huwa maradufu kwa miaka 35. Penye asilimia 3, kwa miaka 23 na ushei. Tanzania yaweza kuwa mfano. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7. Hivyo katika miaka 55 watu wamekuwa mara 5 ya walivyokuwa, na wastani wa ongezeko ni karibu asilimia 2.9 kwa mwaka, yaani maradufu kila miaka 24.

Kwa kueleza yaliyopita, kielelezo hiki kinatosha vizuri. Lakini na kiendelezwe mbele. Katika miaka 240 idadi ingeongezeka maradufu mara 10, nayo ni kusema ingezidishwa kwa 1,024. Tanzania peke yake ingekuwa na watu wapatao bilioni 63, karibu mara 8 ya watu wote waliokuwako duniani mwaka 2022. Hapana mtu awezaye kuliamini jambo hilo, na hata kielelezo chenyewe hakimlazimishi mtu kuliamini. Husema tu kwamba kasi ikibaki ile ile, jambo hilo litatokea. Na kwa kuwa haliwezi kutokea, basi kasi haiwezi kubaki ile ile. Hapo ndipo swali la kikomo linapozaliwa: ni kitu gani kitakachoipunguza kasi hiyo, na kwa kadiri gani?

Kizuizi cha Verhulst

Jibu la kwanza la kihesabu lilitoka Ubelgiji. Pierre-François Verhulst, aliyezaliwa Brussels mwaka 1804, alichapisha kanuni yake mwaka 1838, na mwaka 1845 akaupa mstari wake jina la logistiki. Fikira yake ni hii: watu wana kikomo, na kadiri wanavyokikaribia ndivyo kasi ya ongezeko inavyopungua, hata ikawa sifuri wanapokifikia.

Namba zitaifafanua kanuni hiyo kuliko maneno. Na ichukuliwe nchi ambayo kikomo chake ni watu 100,000, na ambayo watu wake, wakiwa wachache sana, wangeongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka. Wakiwa 10,000, sehemu moja ya kumi ya nafasi imekwisha kujaa. Kasi hupungua kwa sehemu moja ya kumi ikawa asilimia 2.7, na nyongeza ya mwaka ni watu 270. Wakiwa 50,000, nusu ya nafasi imejaa, kasi ni asilimia 1.5, na nyongeza ni watu 750. Wakiwa 90,000, kasi ni asilimia 0.3 tu, na nyongeza hurudi kuwa watu 270. Idadi ikichorwa katika karatasi hufanya mstari unaopanda polepole, kisha kwa kasi, kisha polepole tena, mfano wa herufi S iliyonyoshwa.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba, ukizijua idadi za miaka mitatu tu iliyoachana sawasawa, waweza kukitafuta kikomo chenyewe. Verhulst alifanya hivyo kwa nchi yake, ambayo katika hesabu ya mwaka 1846 ilikuwa na watu wapatao milioni 4.3. Mwaka 1845 alipata kuwa Wabelgiji hawangezidi milioni 6.6. Mwaka 1847, baada ya kubadili namna ya kukikisia kizuizi, alipata milioni 9.4. Idadi za watu zilikuwa ni zile zile. Kilichobadilika ni dhana iliyowekwa mwanzoni mwa hesabu. Verhulst alifariki mwaka 1849, na kanuni yake ikasahauliwa kwa muda mrefu. Leo Ubelgiji ina watu zaidi ya milioni 11.

Nzi katika chupa

Mwaka 1920 wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Raymond Pearl na Lowell Reed, waliivumbua kanuni ile ile pasipo kujua kwamba Verhulst alikwisha kuitangulia. Waliitumia kwa hesabu za watu wa Marekani tangu mwaka 1790 hadi 1910, nayo ikazifuata hesabu hizo kwa usahihi wa kustaajabisha. Kikomo walichokipata kilikuwa watu milioni 197. Pearl pia aliwafuga nzi wa matunda katika chupa, akaona kuwa idadi yao nayo hupanda kwa mstari wa namna ile ile; kwa hiyo akaamini kwamba ameipata sheria ya viumbe vyote.

Kwa miaka 30 ilionekana kana kwamba amesema kweli. Kwa mwaka 1950 kanuni ilitoa watu karibu milioni 149, na sensa ikahesabu karibu milioni 151. Lakini kwa mwaka 1960 kanuni ilitoa milioni 159, na sensa ikahesabu milioni 179, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili uzazi ulikuwa umepanda ghafla. Sensa ya mwaka 1970 ilikuta kwamba kikomo chenyewe kimekwisha kuvukwa, na ile ya mwaka 2020 ikahesabu watu milioni 331.

Sababu ya kushindwa huku ni mbili, na zote mbili zafaa kukumbukwa. Ya kwanza ni ya hesabu. Mwanzo wa mstari wa logistiki haueleze sana mwisho wake. Katika mfano wa nchi ya watu 10,000 uliotolewa hapo juu, kikomo kikiwa 100,000 nyongeza ya mwaka ni watu 270. Kikomo kikiwa 200,000, yaani maradufu, nyongeza ni watu 285. Tofauti ni watu 15 kati ya 10,000, na hapana sensa iliyo sahihi kiasi cha kuitambua tofauti hiyo bila shaka yoyote. Kwa hiyo kanuni huweza kuyafuata yaliyopita vizuri kabisa na huku ikakosea mbali sana juu ya yatakayokuja.

Sababu ya pili ni ya maumbile ya wanadamu. Chupa ya nzi haipanuki, na nzi hawajui kuitengeneza nyingine. Wanadamu hulima mashamba mapya, hubuni mbolea, huhama, huoa mapema au huchelewa, huamua kuzaa watoto wengi au wachache. Kikomo alichokidhania Pearl kuwa cha milele kilikuwa ni mfano wa desturi za Wamarekani katika muda fulani wa historia yao.

Kielelezo cha ijumaa

Mwaka 1960 kilitokea kielelezo cha namna iliyo kinyume kabisa. Heinz von Foerster na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois waliona kwamba kwa karne nyingi kasi ya ongezeko la watu wa dunia haikuwa ikipungua kadiri watu walivyozidi, bali ilikuwa ikipanda. Wakadai kwamba wanadamu, kwa kuwa husaidiana na kufundishana, huishinda dunia zaidi wanapokuwa wengi. Kanuni yao ilizifuata idadi za kale vizuri mno, kisha ikatoa jawabu la ajabu: siku ya ijumaa, tarehe 13 Novemba mwaka 2026, idadi ya watu ingekuwa haina mwisho. Tarehe 13 Novemba ndiyo siku aliyozaliwa von Foerster mwenyewe, na dhihaka iliyomo haikufichika; hata hivyo hesabu ilikuwa ni hesabu halisi.

Kwa kanuni hiyo, katikati ya Novemba mwaka 2022 dunia ingekuwa na watu zaidi ya bilioni 40. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa siku zile zile ndipo watu walipotimia bilioni 8. Kanuni iliyokuwa kweli kwa karne nyingi ilianza kuwa uongo karibu mara tu ilipoandikwa; maana ni katika miaka hiyo ya 1960 kasi ya ongezeko la dunia ilipofika kileleni, zaidi kidogo ya asilimia 2 kwa mwaka, kisha ikaanza kushuka. Leo ipo chini ya asilimia 1. Wala haikushushwa na njaa, kama alivyohofia Malthus, bali kwa sehemu kubwa na wazazi waliozaa watoto wachache zaidi.

Hesabu ya marika

Vielelezo vyote vilivyotajwa vina kasoro moja: huwahesabu watu kana kwamba wote ni sawa. Mtoto mchanga, mwanamke wa miaka 25 na mzee wa miaka 80 kila mmoja ni mtu mmoja. Lakini mtoto hazai leo, na mzee hazai tena. Kwa ajili hiyo wataalamu wa siku hizi hutumia njia nyingine, ambayo lugha ya Kiswahili ina neno la kale la kuielezea, nalo ni rika. Watu hugawanywa kwa marika ya miaka mitano mitano, wanaume mbali na wanawake mbali. Kila rika husogezwa mbele miaka mitano, hupunguzwa kwa kadiri ya vifo vya umri wake, huongezwa au kupunguzwa kwa wanaohamia na wanaohama, na wanawake wa marika ya uzazi hupewa watoto kwa kadiri ya uzazi wao. Watoto hao huwa rika jipya la chini, na hesabu huanza tena.

Mwanauchumi Edwin Cannan alitumia njia ya namna hii mwaka 1895 kwa watu wa England na Wales. Mwaka 1945 Patrick Leslie, aliyekuwa akichunguza wanyama huko Oxford, aliipanga kazi hiyo katika jedwali moja la namba, ambalo likizidishwa kwa safu ya marika ya leo hutoa safu ya marika ya kesho. Katika jedwali hilo hakuna kikomo kilichoandikwa. Kikomo kikitokea, hutokea kwa sababu uzazi na vifo vimekuja kulingana.

Njia hii hueleza jambo moja ambalo vielelezo vya kwanza haviwezi kulieleza. Katika mwisho wa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa kwa wastani watoto 8 katika maisha yake. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 3.4. Uzazi umepungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo sensa ya mwaka 1979 ilihesabu watu milioni 15.3, na ile ya mwaka 2019 milioni 47.6, yaani mara 3. Msikiaji wa kwanza hudhani kwamba mojawapo ya habari hizi haina budi kuwa uongo. Lakini na wachukuliwe akina mama 100 wenye watoto 8 kila mmoja, na vifo viachwe kando. Watoto ni 800, na wasichana kati yao wapata 400. Wasichana hao wakizaa nusu tu ya walivyozaa mama zao, yaani watoto 4 kila mmoja, watazaliwa watoto 1,600. Uzazi wa kila mmoja umeshuka nusu, na watoto wameongezeka maradufu. Nathan Keyfitz alionyesha kwa hesabu mwaka 1971 kwamba hata nchi ambayo uzazi wake unashuka kwa siku moja hata kufikia kiasi cha kujaza pengo la wazazi tu, huendelea kuongezeka kwa miaka mingi, ikiwa vijana wake ni wengi. Ni kama jahazi lililotua tanga: upepo umeachwa, lakini chombo chazidi kwenda.

Pamoja na ubora wake, hesabu ya marika nayo hutegemea dhana. Katika makadirio yake ya mwaka 2002, Umoja wa Mataifa uliitolea Kenya watu milioni 44 kwa mwaka 2050. Katika makadirio ya mwaka 2004, idadi ya mwaka ule ule wa 2050 ilikuwa milioni 83. Kilichotokea kati yake ni kwamba uchunguzi wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa uzazi, uliokuwa umeshuka hadi 4.7 mwaka 1998, haukuendelea kushuka, bali ulikuwa 4.9, na dhana juu ya vifo vya ukimwi nazo zilirekebishwa. Miaka miwili ilitosha kwa karibu kuiongeza maradufu idadi ya karne ya mbele, kama vile miaka miwili ilivyotosha kwa Verhulst kutoka milioni 6.6 hadi 9.4. Na ile milioni 44 iliyotajwa kwa mwaka 2050, Kenya ilikwisha kuipita kabla ya sensa ya mwaka 2019.

Maana ya kikomo

Je, dunia ina kikomo? Hapana shaka kwamba maji, udongo na hewa vina kiasi chake. Lakini Joel Cohen, aliyekusanya makisio mengi ya kikomo hicho katika kitabu chake cha mwaka 1995, alikuta yanatofautiana tangu chini ya watu bilioni 1 hata zaidi ya bilioni 1,000, mengi yakiwa kati ya bilioni 4 na 16. Tofauti kubwa namna hiyo haitokani na kosa la kujumlisha. Swali la watu wangapi wanaweza kuishi haliwezi kujibiwa kabla ya kuulizwa wataishi vipi: watakula nyama au nafaka, watatumia maji kiasi gani, watawaachia wajukuu wao msitu gani. Malthus aliuona mkate kuwa kikomo. Mbolea ya viwandani, iliyotokana na kazi ya Fritz Haber na Carl Bosch katika mwanzo wa karne ya 20, ilikisogeza kikomo hicho mbali, nayo ikaleta madhara yake katika mito na bahari. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 huitazamia dunia ifike kilele cha watu wapatao bilioni 10.3 katika miaka ya 2080, kisha ianze kupungua. Na kilele hicho chatokana na uzazi unaodhaniwa, si na chakula kinachodhaniwa kwisha.

Hapa wataalamu wa lugha wana sehemu yao. Maneno kadiri na kadari yametoka katika shina moja la Kiarabu: la kwanza ni kipimo, la pili ni majaliwa. Neno makadirio ni mtoto wa lile la kwanza, lakini mara nyingi husomwa kana kwamba ni mtoto wa la pili. Kila kadirio la wataalamu ni sentensi yenye -ki-: uzazi ukishuka hivi, vifo vikipungua hivi, watu watakuwa idadi hii. Katika kusimuliwa na kufasiriwa, sharti hudondoka na -ta- hubaki peke yake: watu watakuwa idadi hii. Kwa kudondoka silabi moja, hesabu imegeuka utabiri, na mwenye kusoma hana tena njia ya kujua ni jambo gani lingeweza kulibadili jawabu.

Nalo si jambo dogo kwa wanaopanga mambo ya nchi. Watoto waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022 wakiwa hawajatimiza mwaka mmoja wamekwisha kuzaliwa. Madarasa watakayoyahitaji na walimu watakaowafundisha vyaweza kukadiriwa kwa uhakika mkubwa, maana kinachohitajika ni kulisogeza mbele rika moja na kuondoa vifo na wanaohama. Kwa jambo hilo kujitetea kwamba makadirio hayaaminiki hakuna udhuru. Lakini wajukuu wa watoto hao hawajazaliwa, na wazazi wao pia hawajazaliwa. Idadi yao itategemea shule watakazosoma wasichana wa leo, zahanati zitakazookoa watoto wachanga, na hiari ya watu ambao hakuna awezaye kuwauliza. Kielelezo cha hesabu hueleza vizuri kile ambacho kimekwisha kuamuliwa. Juu ya kile ambacho bado hakijaamuliwa, kazi yake ni kuonyesha kwamba uamuzi upo, na ni wa ukubwa gani.